Mtandao wa Desanka

Alhamisi ya tarehe sita Februari ndiyo siku mambo yalipoharibika. Asubuhi Desanka alikuwa akikoroga kahawa, mara akaketi sakafuni na kushika kifua. Mumewe, Radojko, akachukua simu na kukimbilia mlimani kuita gari la wagonjwa, maana katika kijiji chao, huko mashariki mwa Serbia, simu hushika kule juu tu. Mnara upo. Wakubwa wa manispaa waliusimamisha kabla ya uchaguzi, wakakata utepe, wakala mwanakondoo wa kuchoma, wakaenda zao bila kuuwasha. Radojko aliporudi, kahawa ilikuwa imepoa, na Desanka pia.

Binti yao akaja kutoka Vienna. Alipanda mlimani na simu ya mama yake, akawasha hotspoti ili kompyuta yake ipate intaneti, akawatumia ndugu habari za msiba. Kisha, kwa desturi ya kwao, wakamwekea marehemu vitu vyake jenezani: miwani, kitana, pakiti ya sigara, na simu. Hotspoti hakuna aliyekumbuka kuizima.

Siku ya arubaini walikwenda makaburini na ngano ya kuchemsha, mishumaa na chupa ya rakija, pombe yao kali ya matunda. Jirani yao Vukosava alibeba vikombe vya kahawa juu ya tableti aliyotumiwa na mwanawe, kwa kuwa hakuwahi kuiona ikifaa kwa kazi nyingine. Alipoiweka juu ya kaburi, ikalia. Kulikuwa na mtandao, na jina lake Desanka.

“Unataka nywila,” Vukosava akasema.

“Jaribu Rumenka,” Radojko akamwambia. Huyo alikuwa ng'ombe wao.

Ukafunguka. Vukosava akammwagia marehemu tone la rakija kwenye udongo, kisha akampigia mwanawe.

Tangu hapo kijiji kikahamia makaburini. Wazee walikaa na simu na tableti zao baina ya misalaba, wakiwatazama wajukuu wa Vienna na Stuttgart wakila supu. Chaji ya simu ile haikuisha, wala bando. Ila ukija bila kumletea Desanka kahawa, picha zilikwama, na ukimsema mtu vibaya, kasi iliongezeka.

“Hata alipokuwa hai, nyumba yangu ilikuwa hivi hivi,” Radojko alinung'unika. “Mimi napasua kuni, wao wanakunywa kahawa.”

“Nyamaza, jirani,” Vukosava akamwambia. “Unatuharibia sauti.”

Radojko alikuwa na furaha, lakini hakutaka ijulikane. Kilichomkereketa ni kwamba mtandao wa mkewe uliishia kwenye lango la makaburi, na Vukosava naye alikuwa ameanza kumeza vidonge vya moyo. Kwa hiyo kila Jumatatu aliketi kaburini na kuipigia manispaa simu, akidai mnara uwashwe. Walichoka naye, wakamtuma Bwana Tihomir.

Bwana Tihomir alikuja na viatu vinavyong'aa na kifaa cha kupimia. Akapima kwenye mnara: hakuna kitu. Akapima kaburini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Mzee, mbona mnalalamika? Hapa mtandao ni mzuri kuliko ofisini kwetu.”

“Huo ni wa mke wangu.”

“Uwe wa nani, upo. Naandika kijiji kimeunganishwa. Hakuna haja ya mnara tena.” Akaigusa simu yake. “Nipe nywila nitume ripoti.”

Radojko alitamani kumpa jina la ng'ombe mwingine. Lakini Desanka hakuwahi kumfukuza mgeni mlangoni, na hilo kaburi lilikuwa nyumba yake. Akamwambia. Vukosava akammiminia mgeni kahawa, mwenye nyumba asije akamkwamisha. Ripoti ikaenda mara moja.

“Umeona?” alisema Bwana Tihomir. “Kazi nzuri.”

“Bwana mkubwa, hebu nieleweshe, mimi sikusoma,” Radojko akamwambia. “Vukosava huyu moyo ukimkamata jikoni kwake, tumbebe kwanza tumlete huku makaburini, ndipo tumwitie daktari?”