Redio ya Mjomba

Kwenye saluni ya Msusi siri haikai. Mtu akishikwa kichwa, mdomo hufunguka wenyewe. Hapo ndipo alipoisikia tiba ya muziki, kwa mteja aliyekuwa anafumuliwa nywele.

"Mama yako mkubwa bado hasemi tangu aanguke? Mpeleke hospitali kuu, wanakofanyisha watu mazoezi. Kuna dada pale na gitaa lake. Shemeji yangu aliingia bubu kama gogo, sasa hivi anatukana watu wazima!"

Saluni nzima ikacheka. Msusi alicheka kidogo tu. Mama Mkubwa ndiye aliyemlea. Nyumba ilikuwa yake: juu chumba chake, chini saluni, na katikati ngazi za saruji zisizo na pa kushika. Alikuwa manju wa nyimbo za harusi. Akitoa neno, kina mama walilirudisha kabla halijatua. Usiku mmoja alimwambia mdogo wake wa kiume, Mjomba wa Msusi, atafute pake pa kuishi, amechoka kulea ndevu. Asubuhi yake akakutwa chini ya ngazi, damu masikioni.

"Kateleza," Mjomba alisema. Juu walikuwa wao wawili tu, nani angembishia?

Hospitalini, yule dada wa gitaa, Mtaalamu wa tiba hiyo, hakukimbilia kupiga. Alisoma kwanza maelezo ya daktari, akampima, akauliza nyimbo alizozipenda na zile alizozichukia.

"Maneno yake hayajafa," akamwambia Msusi. "Njia ya kusemea ndiyo iliyoumia. Kuimba kuna njia yake. Tutayapitisha huko."

Akachukua tuni ya harusi, akayatoa maneno, akatia mengine, huku akimgongesha mkono wa kushoto mezani, maana wa kulia ulikuwa umelegea. Wiki zikaenda bila kitu. Kisha siku moja sauti ikatoka, imejaa kutu: "Na-ta-ka ma-ji."

Msusi alilia hadi kamasi.

"Subiri," Mtaalamu akasema. "Karibuni atatia maneno yake mwenyewe."

Msusi alirudi nyumbani anaruka, akamkuta Mjomba anakula, akammwagia habari zote.

"Maneno yake mwenyewe?" Mjomba akaweka kijiko chini.

"Ndiyo, Mjomba! Atatueleza yote."

"Yote," akasema. "Haya. Mungu mkubwa."

Kesho yake akaleta redio, kubwa kama sanduku la bibi harusi, akaiweka karibu na mto wa mgonjwa. "Tiba ya muziki si muziki? Huu hapa, wa bure. Ya nini kumburuta barabarani?"

Redio ikanguruma kutwa. Msusi akipunguza sauti, Mjomba anapanda kuiongeza. Siku ya kliniki ilipofika, akairudisha teksi: eti dada yake kachoka. Iliyofuata, ufunguo wa geti haukuonekana. Mama Mkubwa akaanza kulala kautazama ukuta, na mkono wa kushoto ukaacha kugonga.

Msusi akaenda hospitalini peke yake.

"Redio inaweza kumfariji mtu," Mtaalamu akasema, "ila hii kazi ni ya watu wawili. Natoa, anajibu, namsubiri. Redio haimsubiri mtu. Na ubongo ulioumia, kelele zisizokoma unaziona kama kipigo." Akaliweka gitaa chini. "Huyo mjomba akiingia chumbani, mgonjwa hufanya nini?"

"Hulala," Msusi akasema. Neno lilipomtoka mdomoni, akalishtukia mwenyewe. Mama Mkubwa hakuwa analala. Alikuwa anafumba macho.

Asubuhi iliyofuata akachomoa waya wa redio. Kimya kikaingia chumbani kama mgeni asiyepiga hodi. Mama Mkubwa akageuka, akamtazama. Msusi akamvisha, akamshika kushoto, wakajikongoja hadi kwenye kilele cha ngazi.

Mjomba alikuwa amesimama pale.

"Mmezima redio."

"Tunakwenda kliniki, Mjomba."

"Na wewe ulivyo sindano, utamshusha huyu? Mwachie. Nitamshusha dada yangu mwenyewe." Akaushika ule mkono wa kulia, uliolegea. "Chukua begi, tangulia."

Chini, wateja walikuwa wanapiga soga. Msusi akahisi kucha za Mama Mkubwa zikizama kiganjani mwake. Akivuta, wataporomoka wote watatu. Akiachia, anamwacha na nani? Na amshtaki mjomba mtu kwa lipi, kwa kucha?

Akaanza kugonga ile tuni kwenye mkono aliokuwa ameushika.

"Kina mama!" akaita. "Manju wenu kasimama! Mwitikieni!"

Wakatoka mbio hadi chini ya ngazi, wengine nusu ya kichwa imesukwa, makofi tayari mikononi.

"Na-ta-ka ma-ji," Mama Mkubwa akatoa.

"Na-ta-ka ma-ji!" wakarudisha, na vigelegele juu.

"Inatosha," Mjomba akasema. "Mnamchosha."

"Mwache aimbe, wewe! Wivu huo!" mmoja akamtania.

Mama Mkubwa akageuza shingo polepole, akamtazama mdogo wake usoni. Tuni ni ile ile.

"Ka-ni-su-ku-ma."

"Ka-ni-su-ku-ma!" wakaitikia kwa furaha, kama walivyozoea kumwitikia miaka yote. Kisha makofi yakaanza kufa, moja moja, kila mwanamke kwa wakati wake alipolisikia neno aliloliimba.

Mjomba hakuuachia mkono. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Mgonjwa huyu," akasema. "Hajui anachosema."

Yule mteja aliyemtajia Msusi tiba, nywele zimemsimama kichwani, akakanyaga ngazi ya chini. Wengine wakamfuata nyuma, macho yote kwenye vidole vya Mjomba, ambavyo vilizidi kukaza.