Bastola ya Mkwe

Chumba cha silaha cha kampuni ile ya ulinzi kilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifungwa kwa nje. Ndivyo wenyewe walivyotaka. Silaha ikishafunguliwa mezani, fundi na mlinzi aliyeileta wanabaki humo humo mpaka silaha ifungwe tena, iandikwe kitabuni, na fundi agonge mlango mara tatu. Mtunza ghala, ambaye walinzi walimbandika jina la Bwana Komeo, alikuwa na msemo wake: "Humu hata mbu akiingia, hutoka kwa sahihi."

Fundi alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye viganja vipana utadhani aliazima kwa mtu mwingine. Walimwita Mama Spana, naye jina hilo alilipenda. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, juu ya meza ile ile waliyokuwa wakilia chakula, na mpaka leo hakuweza kufungua bastola bila kwanza kuifuta meza mara mbili.

Asubuhi hiyo aliyeingia alikuwa mkwewe, mume wa bintiye wa pekee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu."

Bwana Komeo alicheka kule nje huku akizungusha ufunguo. "Leo mkwe kajipeleka mwenyewe kwa mama mkwe! Kijana, ukitoka humo na masikio yote mawili, kashukuru."

Kufuli likalia, ka! Wakabaki wawili, meza, taa na makopo ya mafuta.

Bastola ya mkwe ndiyo iliyokaza kuliko zote kumi na moja za kampuni. Mwezi uliopita Mama Spana mwenyewe aliitia bushi mpya, ile pete ya chuma inayoushika mtutu mdomoni. Aliisugua kwa msasa kidogo kidogo siku mbili nzima, anaijaribu, anaitoa, anasugua tena, hadi ikakaa kama kucha inavyokaa kwenye kidole. Kwa mkono mtupu haizunguki ng'o, mpaka spana yake maalumu. Bastola ya namna hiyo haichezi, na risasi huenda pale ilipotumwa. Alijivunia kazi ile, na aliwaambia walinzi wote, "Hii mtu asiiguse. Hii ni ya mkono wangu."

Akaanza. Akachomoa magazini, kile kibweta cha risasi. Risasi zilikwisha kuhesabiwa mlangoni, saba, ziko kwenye sinia la Bwana Komeo. Akaivuta nyuma slaidi, lile gamba la juu linaloteleza, akachungulia chemba, tundu linamolala risasi, kisha akatia kidole kidogo ndani akapapasa. Jicho huona linachokitaka, kidole hakina upendeleo. Chemba tupu. Akaichukua spana aizungushe bushi.

Hapo mkono ukasita.

Kwenye ukingo wa bushi kulikuwa na mikwaruzo minne, miwili huku na miwili huku. Meno ya koleo. Mtu alijaribu kuizungusha kwa koleo, tena alilizungushia kitambaa, maana uzi mmoja wa bluu ulikuwa umenasa pembeni.

Alikibonyeza kifuniko cha springi kwa dole gumba, akaizungusha bushi taratibu, akaiachia springi ijinyooshe ndani ya kiganja isije ikaruka. Akatoa pini, akaitoa slaidi, akautoa mtutu. Kila kipande alikilaza kwenye kitambaa kwa mpangilio wake, kushoto kwenda kulia, kama watoto wanaolala mkeka mmoja. Kisha akauinua mtutu kwenye taa, akachungulia.

Ndani kulikuwa na masizi.

Baada ya siku ya shabaha, wiki tatu zilizopita, aliusafisha mtutu ule hadi ukang'aa kama kijiko cha harusi. Akafungua kitabu. Tangu siku hiyo mkwe aliandika kila alipoirudisha kwa mwandiko wake wa kulala: haikupigwa, haikupigwa, haikupigwa. Mama Spana akasukuma kitambaa cheupe ndani ya mtutu, kikatokea upande wa pili cheusi. Akakiweka katikati ya meza.

"Kitambaa hiki kilikuwa cheupe," akasema.

Mkwe alikitazama. Kijitone cha jasho kikamtoka juu ya mdomo. "Labda vumbi, mama."

"Vumbi la baruti? Mkwe wangu, mimi nimezeeka, sijawa kipofu. Umeipiga wapi?"

"Mama…"

"Wapi?"

Mkwe akageuka akautazama mlango, kama ambavyo mbuzi huutazama mlango wa zizi. Mlango ulikuwa mlango ule ule. Akakaa kwenye kigoda.

"Nyumbani," akasema.

Basi akaanza kueleza, na maneno yakawa yanatoka kama maji kwenye bomba lenye hewa. Ukaguzi uliopita mama mkwe alimkuta na kutu kwenye slaidi, akaiandika. Wenzake wakamcheka mwezi mzima, kwamba hata mama mkwe kamshinda. Safari hii alitaka alete bastola inayong'aa. Wiki iliyopita hakuirudisha ghalani baada ya zamu. Akaenda nayo nyumbani mchana, akaketi kitandani na koleo.

"Na Komeo hakuona kwamba haipo?"

"Nilimwambia zamu imeongezwa."

"Enhe."

"Bushi ikakataa. Nikasema basi, niifunge niirudishe. Nikavuta slaidi nione kama iko salama, halafu nikatoa magazini, halafu nikabonyeza triga ili nyundo ishuke…"

Mama Spana alifumba macho. Hakuhitaji kusikia zaidi. Alivuta kwanza, akatoa magazini baadaye. Kosa la mpangilio tu, kama mtu kuvaa kiatu kabla ya soksi; lakini ukiivuta slaidi magazini ikiwa ndani, risasi moja hupanda chemba, na ukiitoa magazini, risasi hiyo inabaki imelala humo ikikungoja.

"Magazini ina saba. Ya kufidia uliitoa wapi?"

"Siku ya shabaha nilipiga nne, nikasema tano."

"Kumbe ulianza kuiba kabla hujawa na sababu."

Mkwe akainamisha kichwa.

"Ilipiga wapi?"

"Ukutani tu, mama. Haikumgusa mtu."

"Ukuta gani? Juu kiasi gani?"

Mkwe alisimama, akanyoosha mkono hewani, kisha akaushusha, akaushusha tena, hadi usawa wa kiuno chake. Mama Spana aliijua nyumba ile. Yeye ndiye aliyepaka chokaa kuta zake bintiye alipoolewa. Usawa wa kiuno, kwenye ukuta unaotazamana na kitanda kikubwa, ndipo palipo kitanda cha mjukuu. Shubiri moja juu ya mto.

"Alikuwepo?"

"Alikuwa nje na mama yake. Walikuwa wanaanua nguo."

Sasa Mama Spana akaelewa kwa nini binti alimwambia juzi kwamba mtoto siku hizi analala katikati yao. Alisema mlango ulibamizwa na upepo, mtoto akaogopa. Bintiye, aliyemzaa na kumlea, alimtazama usoni akamwambia upepo.

Chumba kikawa kidogo. Akainuka, hatua tatu akafika ukutani, akarudi. Hakuna pa kwenda. Bastola ikiwa wazi mezani, hata yeye fundi alikuwa mfungwa, na ili atoke ilibidi aifunge, na akiifunga ilibidi aandike.

"Mama," mkwe alianza, sauti chini. "Ukiandika, wananifukuza, na polisi wanaitwa. Anayeumia si mimi. Ni binti yako. Ni mjukuu wako."

"Usinitajie mjukuu wangu."

"Andika mtutu mchafu kwa vumbi. Nani atajua? Wewe ndiye mwenye jicho humu."

Hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu ni kweli. Mwaka juzi alimwandika mlinzi mwingine, kijana waliyemwita Mluzi, kwa masizi kama haya haya. Aliandika kisha akaenda kunywa chai. Siku hizi Mluzi anauza mkaa karibu na kituo cha basi, na kila akimwona humsalimu, "Mama Spana, umeshindaje?" bila kinyongo, na salamu ile humkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Leo umegeukia kwake.

Alisafisha mtutu. Brashi mara kumi, kitambaa, mafuta, kitambaa. Mkono ulijua kazi yake hata kama kichwa hakikuwepo. Kisha akaanza kurudisha: mtutu ndani ya slaidi, slaidi kwenye mwili, pini. Pini ikakataa. Kwenye bastola iliyokaza, matundu mawili yasipotazamana sawasawa hakuna nguvu itakayosaidia; akajaribu mara ya kwanza, ya pili, jasho likamwingia jichoni.

"Nikusaidie, mama?"

"Uliisaidia wiki iliyopita, imetosha."

Mara ya tatu ikaingia. Springi, kifuniko, bushi. Spana ikazunguka robo, ikasimama. Imefungwa.

Akakisukuma kitabu mbele ya mkwe. Kuna mistari miwili: wa juu ni maelezo ya mlinzi, wa chini ni ya fundi.

"Andika wewe kwanza," akasema. "Kwa mkono wako. Mtu aliyejisemea husikilizwa kuliko aliyesemewa."

Mkwe akaishika kalamu muda mrefu. Wino ukatengeneza doa. Mwishowe akaandika: haikupigwa. Akausukuma ukurasa bila kumtazama usoni.

Mama Spana alivaa miwani. Alikuwa na elimu ya darasa la saba na mwandiko wa mviringo, na aliandika polepole, kila herufi ikikaa kwenye mstari. Alijaza mstari wake, akaendelea pembeni, akageuza ukurasa. Halafu akainuka akagonga mlango mara tatu.

Bwana Komeo aliingia na kicheko, akakichukua kitabu, akaanza kusoma kwa kufuata kidole. Kicheko kikamwishia njiani. Akamtazama mama, akamtazama mkwe, akaufunga mlango nyuma yake kwa kisigino.

"Mama Spana," alinong'ona. "Karatasi hii ikimwagikiwa mafuta sasa hivi, mimi nitatoa ukurasa mpya. Mafuta humwagika. Hapa kuna makopo manne."

Mkwe aliinua uso. Mama Spana naye aliyatazama yale makopo. La pili halikuwa na kifuniko.

"Soma mpaka mwisho," akasema.

Komeo akageuza ukurasa, akasoma kwa sauti: "Bushi niliikaza mimi kupita vidole vya mlinzi wa kawaida. Sikumfundisha mtu kuifungua, wala mpangilio wa kutoa magazini kwanza, kwa sababu nilitaka iwe yangu peke yangu. Na mimi niulizwe."

"Utajitia kitanzi na wewe, mama?"

"Andika saa. Peleka."

Waliwakalisha kwenye benchi la ukumbini nje ya ofisi ya meneja, mama mkwe na mkwe, goti kwa goti, maana benchi lenyewe lilikuwa la mtu mmoja na nusu. Ndani meneja alikuwa kwenye simu, na walisikia neno polisi likitajwa mara mbili. Walinzi wakawa wanapita wakiangalia dari.

"Nani atamwambia mke wangu?" mkwe aliuliza.

"Mumewe. Mpigie kabla hawajaichukua simu yako."

Akapiga. Kwa haraka akagusa kile kitufe kinachotoa sauti hadharani, asijue namna ya kukizima. Simu iliita mara moja tu.

"Mama ameona?" binti aliuliza, kabla hajaamkuliwa.

Binti akauliza tena, safari hii akilia, "Niambie basi, ameona?"

Mama Spana akaichukua simu kutoka mkononi mwake, akaiweka sikioni, na mafuta ya bastola yakachafua kioo chote.

"Nimeona, mwanangu," akasema. "Kiondoe kitanda cha mtoto pale ukutani. Halafu uje."