Kiapo cha Kulusum

Zubairi alikuwa mwana wa Almas, na Almas mwana wa Farajalla, sajini aliyeingia nchi hii na bunduki begani na Msahafu kifuani. Mtaa mzima wa Makindye ulijua kwamba katika ukoo huo hapajatokea mlevi, mwizi wala mla haramu. Hata baada ya vita vya mwaka themanini na sita vilivyoangusha serikali, majirani walipotazamana kwa jicho la shaka, mlango wa Zubairi haukuguswa.

Mjukuu wake Kulusum alipoanza kuanguka kifafa na kuota vinundu chini ya ngozi, Zubairi alimpeleka hospitali mwenyewe, pamoja na mkwewe Rukiah, mama wa binti. Daktari Oloya alitoa kinundu kimoja, akakipima kwa hadubini.

"Mzee, huyu ni mtoto wa mnyoo, tegu wa nguruwe. Wengine wamekaa ubongoni. Dawa ipo, ila alazwe leo."

"Tegu wa nini?"

"Wa nguruwe. Lakini si kwamba amekula—"

"Koma!" Zubairi alikwisha kusimama. "Kwenu mnamla, ndiyo maana mnamwona kila mahali!"

Akamshika binti mkono, wakatoka. Rukiah peke yake alichelewa mlangoni, akamsikiliza daktari mpaka mwisho.

Nyumbani, Zubairi alimwamuru Kulusum atawadhe, akamwekea Msahafu mbele.

"Apa."

"Wallahi, babu, nyama hiyo sijaionja maishani mwangu."

Macho ya mzee yalilengwa na machozi ya furaha. "Umesikia, Rukiah? Daktari wako mzushi."

"Baba, hakusema amekula nyama. Amesema mayai ya mdudu hutoka chooni kwa mtu mwenye tegu, yakashika mboga. Kabichi za kachumbari tunazonunua sokoni Kalerwe husuuzwa kwa maji ya mtaro."

"Alaa! Umetoka kwenye nguruwe, sasa umefika chooni! Ukoo wa Farajalla haulishwi choo."

Rukiah aliinamisha uso, mkwe hajibizani. Likaandikwa kombe la aya, likaoshwa kwa maji, Kulusum akalinywa. Lilimtuliza moyo, kichwani wadudu walibaki.

Ijumaa, kifafa kilimkamata jikoni, kikamwachia, kikamrudia kabla hajapata fahamu, tena na tena. Zubairi alipotoka msikitini alimkuta mapajani mwa mamaye, povu lenye damu likimkauka shavuni.

"Mbebeni! Twendeni kwa yule daktari!"

Rukiah alikuwa akimfumba mwanawe macho.

Matangani watu walimsifu marehemu kwamba haramu haikumgusa ulimi. Kila sifa ilimchoma Zubairi. Binti alisema kweli, na daktari alisema kweli. Kweli hizo mbili hazikugombana popote ila kichwani mwake.

Basi sikieni, enyi vijana. Maradhi hayaulizi ukoo wala dini. Osheni mboga kwa maji safi, naweni mikono mtokapo chooni, na mjuzi anapowaeleza ugonjwa, mwacheni amalize. Na mkubwa wenu akikataa kusikia, mheshimuni. Lakini mgonjwa mpelekeni.