Someni Albadiri

Haidar ni mdogo wangu na ni mwizi, nalisema mwenyewe kabla hamjanisemea. Alipokuwa akivuta unga aliniibia sufuria, kanga mpya na hata mbuzi ya kukunia nazi. Lakini hajawahi kumwinulia mtu mkono. Siku hizi kila asubuhi anakwenda hospitali kunywa dawa ya kuachia unga, anarudi, analala.

Juzi baada ya Isha, mtu aliyejifunga uso alimvamia Mzee Mwinjuma dukani kwake, hapa hapa Dunda, akampiga panga la bega. Jana Alasiri uani kwangu pakajaa watu na marungu. Aliyewaongoza ni Mbaruku, kijana wa nyumba ya pili, asiyegusa hata sigara.

"Dada Biubwa, tutolee huyo teja wako," akasema. "Nani mwingine wa kukata watu mtaa huu?"

"Ulimwona?"

"Teja haonwi, anajulikana."

Nikakaa kizingitini, miguu nimeinyoosha, anayetaka kupita anikanyage. Hasira zilinipanda mpaka nikasahau kuogopa.

"Kwa marungu hatoki," nikawaambia. "Atatoka kwa Albadiri. Maalim Sufiani huyo hapo nyuma, asome. Tukae wote, na aliyemwaga damu ya mzee imrudie."

Kwetu dua ya Albadiri haichezewi. Ikisomwa, hakuna aliyetenda akabaki salama, na mdanganyifu anayeikalia kajitafutia mauti. Maalim akaniuliza kama najua ninachokiomba, maana huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja.

"Najua, maalim. Na wewe soma."

Nikaleta chetezo, nikatia ubani. Watu wakalaza marungu, wakakaa mmoja mmoja. Haidar akatoka ndani. Mbaruku alibaki amesimama.

"Sina udhu," akasema. "Naenda nyumbani kutawadha."

Nikamsogezea birika langu, limejaa maji. "Maji haya hapa, baba. Kwenu mbali?"

Akalitazama lile birika, kisha akautazama mlango wa ua. Wenzake wote walikuwa wamemgeukia. Akaondoka bila kuaga.

Haidar akalichukua birika, akatawadha taratibu, akaja akakaa pale pale alipokuwa amesimama Mbaruku.

"Haya, maalim," nikasema. "Soma."