Nani Atalaza Nyasi

Machi ilikuwa inakatika, na shamba la mama Albina pale Maguu halikuwa na hata shimo moja la ngoro, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia mvua isisombe udongo. Mlima mzima majirani wameshachora miraba yao, wanapanda maharage, huku kwake nyasi alizofyeka shemeji yake Romanus zimetupwa hovyo wiki ya tatu, zinaanza kuoza kwa mvua.

"Leo atakuja kuzilaza," mama Albina alisema.

"Hata juzi ulisema hivyohivyo, mama."

"Devotha!"

Devotha, binti yake aliyerudi kutoka chuoni, akageukia debe la mbegu. Mbegu iliyobaki ni lile debe moja tu, na isipoingia ardhini wiki hii, basi, mwaka huu watakula kwa kuomba. Kuzifukia nyasi kwa udongo wanawake wanajua. Tatizo ni kuzilaza kwanza mistari ya kufanya miraba. Hiyo kazi ya mwanaume, na baba yake, mzee Ildefonsi, walimzika Agosti.

"Nalaza mwenyewe," akasema.

Mama akamdaka mkono. "Thubutu! Watu waseme nyumba ya baba yako imekufa naye?"

"Na tukilala njaa watasemaje?"

Akajichomoa, akakumbatia nyasi mzigo mzima, akashuka nazo chini ya shamba, akaanza kulaza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Shamba la juu, jembe la jirani yao Kunigunda likasimama hewani.

"Heee! Albina! Mwanao kaota ndevu huko chuoni?"

Kicheko kikaporomoka mlima mzima. Devotha masikio yakamwaka moto, lakini mikono haikusimama. Ndipo akamwona Romanus anapanda njia, panga begani, hacheki hata kidogo.

"Weka chini."

"Shikamoo, baba mdogo."

Hakuitikia. "Nimesema weka chini. Kaka yangu hakuacha shamba lichezewe."

"Basi tulaze wote, tumalize leo."

"Kwangu bado sijamaliza. Nitakuja nikipata nafasi."

"Lini, baba mdogo?"

Romanus akasogea mpaka Devotha akasikia pumzi yake. Devotha akamgeukia mama yake.

Mama Albina alikuwa anashuka, kitenge amekikaza kiunoni, uso hausomeki. Akampokonya Devotha nyasi. *Nimekwisha*, Devotha akawaza.

Mama akainama, akaing'oa mistari yote miwili aliyolaza Devotha.

"Umeanzia chini," akasema. "Mvua ya leo tu ingeisomba. Baba yako alikuwa anaanzia kule juu, halafu anabana hivi, na goti."

"Mama, umejuaje?"

"Miaka ishirini na sita nafukia nyuma yake. Ulidhani nilikuwa nimefumba macho?" Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. Akapanda mpaka juu, akalaza fungu la kwanza, akalibana kwa goti. Akashuka na mstari wake polepole, fungu kwa fungu, mpaka ukafika kwenye miguu ya Romanus.

"Shemeji," akasema bila kuinua kichwa, "sogea. Umesimama kwenye mstari."