Losaline Hafuti Kitu

Manase alitoa amri akiwa amesimama uani, maana kwa mila yao kaka haingii chumbani kwa dada yake.

"Kanda zote zenye Fusi uzifute. Sitaki kuiona sura yake kwenye televisheni zangu."

Losaline alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chake cha nyuma, koleo mkononi, akimenya waya. Wala hakuinua macho.

"Televisheni ni zako," alisema. "Baba ni wetu sote. Sifuti."

"Hii nyumba ni yangu, Dada."

"Na mimi ndiye niliyekutangulia kuzaliwa. Haya, nenda kapumzike, umesimama kwenye mwanga wangu."

Manase akaondoka akihema kwa hasira. Mzee wa kanisa, mtu wa miaka hamsini na minane, anayesikilizwa na nusu ya Watonga waliotoka visiwani kwao wakahamia Māngere, mtaa wa Auckland, lakini kwa dada yake mkubwa hakuwahi kupata neno la mwisho.

Losaline alikuwa na miaka sitini na mmoja. Miaka ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia kuvuta nyaya za simu, Auckland mpaka miji ya kisiwa cha kusini, mwanamke peke yake katika kundi la wanaume, hadi magoti yalipokataa. Hakuolewa, na aliyemuuliza kwa nini hakuuliza mara ya pili. Baba yao, mzee Viliami, alinunua kamera ya video mwaka themanini na tisa, na tangu siku hiyo hakuna ubatizo, mazishi wala ugomvi wa jikoni uliompita. Alipokufa aliacha kanda sitini na tatu ndani ya sanduku la safari, na ukungu ulikuwa umeanza kuzila.

Losaline hakuomba ruhusa ya mtu. Alinunua deki kuukuu kwenye mnada wa kanisa, akaiunganisha na kompyuta aliyoiweka ndani ya kabati la nguo, akawa anahamisha kanda moja moja huku yeye akipalilia magimbi. Kisha akapanda darini, kwa magoti yaleyale mabovu, akapitisha waya mpaka sebuleni na jikoni, na jikoni akaweka kioo kidogo cha kugusa kilichoweza kuwasha hata televisheni ya sebuleni. Ikawa mtu akae alipo, achague filamu kwenye orodha, na kompyuta ile ya kabatini imrushie hapohapo. Kwa nyumba ile mpango huo ulifaa kweli, kwa kuwa kaka na dada hawaketi mbele ya televisheni moja, ndivyo walivyolelewa. Manase alitazama sebuleni, Losaline chumbani kwake, wakacheka kwa pamoja kila mmoja upande wake, wakisikiana kupitia ukuta. Wiki mbili nzima Manase alikuwa na furaha kama mtoto. Alijiona ana miaka ishirini na mitatu, anamfukuza nguruwe mchanga kati ya meza za harusi huku baba yao akitetemesha kamera kwa kicheko.

Halafu Fusi akatokea kwenye kioo cha televisheni.

Fusi alikuwa kitinda mimba wao. Mwaka elfu mbili na mbili, akiwa na mimba, alimwahidi Manase na mkewe Sulia kwamba akizaliwa atakuwa mtoto wao, kwa sababu wao hawakupata. Ni jambo la kawaida kwao. Mtoto hapotei, anahamia chumba kingine cha ukoo. Kanisa zima liliomba, Manase akatengeneza kitanda cha mbao kwa mikono yake. Siku ya kumchukua mtoto yeye alikuwa kazini, akaenda Sulia na mikeka ya heshima, zawadi ya kumpokelea mtoto. Alirudi mikono mitupu, nguo zikichuruzika maji, akasema Fusi amekataa, tena ameitupa mikeka mvuani.

Tangu siku hiyo jina la Fusi halikutajwa ndani ya nyumba ile. Fusi akahamia mji wa Tokoroa na binti yake, Lupe, akaishi huko. Losaline wakati huo alikuwa kusini akivuta waya. Aliyoyajua aliyajua kwa kusimuliwa.

Amri ya Manase ilitolewa Jumatatu. Jumanne asubuhi Losaline alifungua kompyuta ya kabatini aone kama kuna kanda imekwama. Kompyuta hiyo huandika kila filamu iliyofunguliwa, mara ngapi, na kutoka chumba gani. Moja ilikuwa imefunguliwa mara kumi na tisa, zote kutoka jikoni. Baba yao alikuwa ameandika juu ya ganda lake: *Juni 2002, mvua.* Losaline alikuwa ameihamisha bila kuitazama, kama alivyofanya nyingi.

Akaketi kitandani akaitazama.

Ilikuwa baraza ya nyumba ya zamani. Fusi anambusu mtoto kwenye paji la uso, analia bila sauti, kisha anamnyoosha kwa Sulia kama alivyoahidi. Sulia anampokea. Anasimama naye kitambo. Kisha anarudi hatua mbili, anamweka mtoto kifuani kwa mama yake na kumfunika kwa kitenge chake mwenyewe. "Siwezi, Fusi," inasikika sauti ya Sulia. "Nitamtazamaje kila siku, nikijua nimemtoa wapi?" Anageuka anakimbilia garini, mikeka inamponyoka uani, mvua inaipiga. Kamera inabaki kwenye mikeka muda mrefu.

Losaline alikwenda jikoni. Sulia alikuwa anakuna nazi.

"Wifi," alisema, "umeitazama mara kumi na tisa."

Mkono wa Sulia ukasimama.

"Manase anajua?"

"Hajui. Hata mimi nimejua sasa hivi. Fusi mbona alinyamaza?"

Sulia alijifuta mikono kwenye gauni. "Nilimpigia simu kesho yake, nikamwambia nimemsingizia, nimeogopa, Manase ameshatengeneza na kitanda. Nikasema nitamwendea Manase nimwambie kweli. Akaniambia, 'Acha anichukie mimi. Mimi nina mtoto. Wewe huna kingine ila yeye.' Baba naye nikamwomba asiseme, akanikubalia." Alivuta pumzi. "Ifute, wifi. Nimejaribu kuifuta, sioni pa kubonyeza."

Losaline akachukua kile kioo kidogo cha jikoni, akagusa mara mbili, akamwekea mbele. Paliandikwa: *Futa? Ndiyo. Hapana.*

"Bonyeza wewe," alisema. "Mimi mkono wangu haufuti."

Sulia alikitazama kioo mpaka kikazima chenyewe. Kisha akarudia nazi yake.

Jumamosi Manase alipoteza subira. Alikuta waya unakatiza ukumbini juu ya mlango, akachukua mkasi wa bustani, akaukata katikati, *kwachu!* Akaacha ncha zinaning'inia.

"Sasa tuone!" alipaza sauti kuelekea uani.

Losaline alikuja na ngazi na sanduku lake la vifaa. Manase akampisha kwa adabu, maana ni dada yake, lakini alisimama palepale na mkasi wake.

"Nitaukata tena."

"Kata. Nina mita mia mbili kabatini." Losaline alishika ncha, akapanga nyuzi kwa rangi zake bila kuzitazama, akabana kichwa kipya cha kuunganishia. "Nimeunganisha waya juu ya nguzo kwenye upepo wa Bluff, kusini kabisa, theluji inaniingia shingoni. Unadhani mkasi wa majani utanitisha?"

"Unanidharau mbele ya mke wangu."

"Mkeo ana macho. Aone."

Sulia alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, taulo mkononi. Aliona ule mkasi, akaona dada wa mumewe juu ya ngazi na magoti yake mabovu.

Jumapili, baada ya kanisa, baada ya nyama na majani ya magimbi yaliyoiva kwa tui kwenye mawe ya moto, Manase alijilaza kwenye kiti chake cha sebuleni, tai imelegea. Televisheni ikawaka yenyewe. Akasikia sauti ya marehemu baba yake ikisema taratibu, "Leo mvua."

"Dada!" alifoka. "Zima!"

"Si Dada," alisema Sulia kutoka jikoni. Akaja mpaka mlangoni, kile kioo kidogo mkononi. "Ni mimi. Tazama."

Manase alinyanyuka akazima televisheni. Sulia akaiwasha. Manase akaizima. Sulia akaiwasha tena.

"Sulia, nimesema zima!"

"Sizimi. Miaka ishirini na miwili nimezima. Keti!"

Hakuwahi kumwambia vile. Manase akaketi.

Losaline alikuwa ukumbini, mgongo ukutani, hawezi kuingia wala kuondoka. Alisikia mvua ya mwaka ule, hatua mbili za kurudi nyuma, na maneno yale.

"Wewe," alisema Manase hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Nilikudanganya, na kwa hilo nakuomba msamaha. Nilimsingizia dada yako. Kwa hilo nitamwomba yeye. Lakini kumrudisha mtoto sijutii, hata ukinifukuza leo."

"Baba alijua?"

"Nani alishika kamera?"

Manase akageukia ukuta. "Dada! Na wewe ulijua?"

"Tangu Jumanne."

"Hukuniambia!"

"Halikuwa neno langu kusema," Losaline alijibu. "Langu lilikuwa kutofuta."

Manase akatoka, akaketi ndani ya gari lake bila kuliwasha, mpaka ilipofika saa ya kwaya. Wiki mbili alilala kwenye kochi. Alikula alichopikiwa, akashukuru kwa kichwa. Sulia hakumbembeleza. Siku ya tatu alipiga simu Tokoroa akiwa katikati ya jikoni, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima.

"Fusi, nataka uje. Na mtoto."

Losaline alimsikia mdogo wake kwenye simu: "Siji kumwomba mtu msamaha."

"Nani amekwambia uombe? Njoo ule. Msamaha nitaomba mimi."

Walikuja Jumamosi, Manase akiwa kanisani. Fusi alikuwa amenenepa, nywele zina mvi, ulimi uleule. Wanawake watatu walilia jikoni, kisha wakacheka, kisha sufuria ikaungua. Lupe, binti mrefu wa miaka ishirini na miwili, alichoka kuwasikiliza, akaenda sebuleni kutazama kanda za babu yake asiyemkumbuka. Alichagua kiti kimoja tu chenye mito, akaketi.

Manase aliporudi alimkuta hapo, kwenye kiti chake, miguu juu ya meza yake.

"Shikamoo, mjomba," alisema Lupe. Hakuteremsha miguu. Kwa Watonga mtoto wa dada ana haki juu ya kila kilicho cha mjomba wake, na mama yake alikuwa amemfundisha vizuri.

Manase alimtazama mtoto aliyemtengenezea kitanda.

"Kiti kinakufaa?" aliuliza.

"Kimebonyea upande huu."

"Ni mimi niliyekibonyeza," alisema Manase. Akaenda kuvuta kiti kigumu cha mezani, akakiweka kando yake, akaketi.