Mapumziko ya Mzee Andongwisye

Vitabu vinne, chupa ya chai, blanketi jipya, na kiti kilichogeuzwa kuutazama Mlima Rungwe. Mzee Andongwisye alivitazama vitu hivyo jinsi panya mzee anavyomtazama dagaa aliyewekwa peke yake katikati ya sakafu. Hakujiuliza kama ni mtamu. Alijiuliza ni nani kamweka.

"Wiki mbili tu hapa kwangu, baba," alisema Tulia, binti yake, akimfunika magoti. "Daktari kasema presha. Soma, kula, lala. Mikutano hakuna, kuandika hakuna."

"Na redio je?"

"Mbovu."

Tulia alipotoka, mzee aliifungua ile redio. Betri hazimo. Na betri, kwa alivyojua yeye, hazina miguu.

Kusoma hakufundishwa na mtu. Alijifundisha ujanani, kibarua wa kiwanda cha chai, kwa kufuatisha kidole kwenye maandishi ya magunia na matangazo ya ukutani. Siku alipofaulu kusoma tangazo zima bila kukwama, lilikuwa la kuwafukuza kazi wenzake kumi na saba. Majina yao alikuwa nayo hadi leo, kwa mpangilio uleule. Tangu hapo hakuamini karatasi asiyoiandika mwenyewe, ndipo akaanza kuandika: barua, vijitabu, hotuba. Kiswahili chake kikaota mbawa hadi wasomi wa mbali wakamwandikia kumsifu. Na moyoni akawa na hakika kwamba bila ulimi wake, kijiji chake chote cha Ikuti kilikuwa bubu.

Siku ya tano bado alikuwa ukurasa wa tatu. Kila sentensi aliihoji kama shahidi aliyehongwa. Kupumzika, aliwaza, ni neno ambalo mtu huambiwa na yule anayekitaka kiti chake.

Asubuhi hiyo akaingia Arafa, jirani muuza vitenge, na sahani ya vitumbua.

"Shikamoo, mzee. Kumbe upo! Mie nikajua leo uko kwenu Ikuti. Jana gulioni hakuna habari nyingine ila mkutano wa majani ya chai. Saa nane, wanasema."

Jikoni, mwiko ukanyamaza ndani ya sufuria.

Arafa akaiona hali ya hewa, akaaga haraka. Mzee hakuinua sauti. Aliposema polepole ndipo watu walipomwogopa.

"Kampuni ya chai imekupa nini, Tulia?"

"Kampuni! Baba, mimi?"

"Basi nani kakutuma?"

Tulia alijifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Mama Debora."

Debora alikuwa mjane, jirani yake kule Ikuti, mwenye kipande chake cha shamba la chai. Katika mikutano yote hakuwahi kuomba nafasi ya kusema. Au hivyo ndivyo Andongwisye alivyokumbuka.

"Mwaka juzi kampuni ilipotaka kulihamishia banda la kupimia majani barabarani, ulisema saa mbili nzima," Tulia aliendelea. "Watu walipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kisha yule afisa akatazama mawingu, akasema mvua inakuja, majibu ataleta. Kaleta?"

"Nilisema kweli!"

"Ulisema kweli, baba. Ila waliondoka wakiulizana umesema nini."

Alichukua koti. Binti hakumzuia, alimletea kofia tu, na jambo hilo likamtia shaka zaidi kuliko kama angelia.

Juu ya bodaboda, upepo ukimchapa usoni, aliwapanga wasaliti mmoja mmoja na kuitunga hotuba ya kuwaumbua wote. Alipofika Ikuti, hotuba ilikuwa imekamilika, ina mwanzo wa radi na mwisho wa radi.

Watu walijaa mbele ya banda. Debora alikuwa amesimama, kikapu bado mgongoni, akisema Kiswahili chake kilichokulia ndani ya Kinyakyusa.

"Mnasema kule kwenye lami ni kalibu. Ndiyo, kalibu kwa gali. Huu mgongo, mwanangu, siyo gali." Watu waliguna. "Majani nikiyapandisha mpaka kule, yanafika yamechoka. Wewe unayatupa, unasema mabaya. Na mimi nimefika nimechoka. Nami utanitupa?"

Mtu akacheka, kisha akaacha. Afisa wa kampuni, kijana mwenye miwani, alikuwa anaizungusha kalamu juu ya daftari.

"Nauliza kimoja tu, tata, baba yangu. Banda linabaki, au linaondoka? Nijibu nikiwa bado nimesimama."

Hakuna aliyepiga makofi. Walisubiri tu, wote, na kusubiri kwao kulikuwa kuzito kama mzigo uliokosa wa kuutua. Afisa alitazama kushoto, kulia, kisha nyuma ya umati, na uso wake ukafunguka.

"Aaa! Mzee wetu! Mwandishi wetu! Jamani, mpisheni. Karibu mbele, mzee, utufafanulie. Wewe ndiye unayejua kuyapanga maneno."

Njia ikafunguka. Andongwisye akapiga hatua mbili, hotuba imemjaa mdomoni. Ndipo akaona daftari la afisa likifungwa. Akamwona akijilaza kwenye kiti, akinyoosha miguu, jicho likipanda polepole kwenye mawingu.

Raha ile alishaiona. Aliiona mwaka juzi, akaiita heshima. Na ile kumbukumbu yake isiyosamehe, iliyokuwa ikiwawinda wengine miaka arobaini, ikageuka na kumnusa mwenyewe: mkutano wa shuleni, mkutano wa ghalani, ule wa chini ya mvua. Katika kila mmoja yeye anasimama, na mbele yake mtu ananyoosha miguu.

"Mzee?" afisa alihimiza, akitabasamu.

"Mama hajajibiwa," alisema Andongwisye.

Debora akageuka. Hakumshukuru. Alimkagua kuanzia kofia hadi viatu, kama akaguliwavyo mbwa aliyewahi kuiba nyama na leo kaketi kwa adabu karibu na jiko. Kisha akakiweka sawa kikapu chake, akamrudia kijana.

"Banda," alisema.

Daftari likafunguliwa tena, taratibu. Andongwisye akarudi nyuma hatua zilezile mbili, akasimama kati ya wachuma chai wawili asiowajua majina, akasubiri pamoja nao.